Fundi wa Nyakabanda aliyekataa kuishusha sauti ya CD

Saa moja na nusu asubuhi, maduka ya Nyakabanda, Kigali, yakiwa bado yanafunguliwa, Viateur Ntakirutimana anaosha santuri. Ameinamia beseni la plastiki, mikono ya shati imekunjwa hadi viwikoni, na ile santuri nyeusi ameishika ukingoni kwa vidole tu, kama mtu aliyebeba sahani iliyojaa mchuzi.

Ndani ya beseni mna maji yaliyochemshwa na kupozwa, pamoja na matone matatu ya sabuni ya vyombo. Haongezi la nne. Brashi anayotumia ni ile laini ya kupakia povu la kunyolea ndevu, naye huizungusha kwa kuifuata michirizi ya santuri, asiikatize hata mara moja. Akimaliza husuuza mara mbili, hupangusa kwa kipande cha fulana ya pamba, kisha huisimamisha kwenye kichanja cha vyombo alichokitwaa jikoni bila ruhusa.

"Aliniambia atakirudisha Pasaka," anasema mkewe, Daphrose, bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani yake. "Hakusema Pasaka ya mwaka gani."

Mzee Ntakirutimana hacheki. Ana umri wa miaka sitini na mitatu, na tangu mwezi Machi mwaka huu amekuwa mzito wa kucheka.

Chumba chao cha kazi ni kimoja. Upande wa dirisha Daphrose hushona sare za shule. Upande wa mlango mumewe hutengeneza redio, amplifaya, mashine za CD na zile za santuri. Amefanya kazi hiyo hapo kwa miaka ishirini na minane. Watu walikuwa wakimletea vyombo kutoka Kabuga, kwa basi, wakiwa wamevipakata, kwa sababu ilisemekana kwamba fundi huyu husikia ugonjwa wa chombo kabla hajashika bisibisi.

Sifa hiyo ya sikio ndiyo iliyokuwa mtaji wake. Aliipoteza alasiri moja ya Jumapili, mbele ya watu thelathini na mmoja, kwa kusema kweli.

Ntakirutimana alizaliwa Bujumbura, katika mtaa wa Bwiza, kwa wazazi wakimbizi kutoka Rwanda. Kiswahili alikipata mtaani, hesabu na Kifaransa kwa mapadri, na muziki katika baa ya mjomba wake. Walimu wa Kizungu waliokuwa wakirejea kwao walimwachia mjomba huyo masanduku mawili ya santuri, nyingi zikiwa za roki: magita makali, ngoma nzito, na waimbaji wenye sauti za watu wanaogombana na jirani.

Sakafu ya baa ilikuwa ya mbao. Wateja walipocheza, sakafu ilitikisika na sindano ikaruka.

"Mjomba akaweka sarafu ya faranga tano juu ya kichwa cha sindano," anakumbuka. "Haikuruka tena. Tukamwona mtaalamu mkubwa. Miaka mitano santuri zote zilipigwa na ile sarafu juu yake."

Uzito huo uliikandamiza sindano, na sindano ikawa inachonga michirizi kama randa inavyochonga mbao. Sauti nyembamba za juu ndizo hufa kwanza, kwa kuwa ndizo zilizochorwa kwa alama ndogo kuliko zote. Katika Bwiza hakuna aliyeligundua jambo hilo.

"Tulidhani Wazungu wanapiga roki bila matoazi," asema.

Mwaka 1996, akiwa amekwisha kuhamia Kigali, mfanyakazi wa shirika moja la misaada alimletea mashine ya CD iliyokwama mlango. Ndani yake mlikuwa na diski ya albamu ileile aliyoizoea tangu ujana, ya Waingereza, yenye nyimbo tisa. Aliufungua mlango, akausafisha, akaiwasha ili aijaribu.

"Nikasikia tss, tss, tss nyuma ya gita. Nikasema, huyu mgonjwa bado hajapona. Nikaifungua tena. Saa nzima natafuta hiyo tss inatoka wapi. Nikabadilisha nyaya. Nikasafisha kioo cha mwanga. Mwenyewe alipokuja nikamwomba radhi, nikamwambia kazi imenishinda. Akasikiliza kidogo, akanitazama, akasema: Bwana, hayo ni matoazi."

Wakati huo alikuwa na miaka thelathini na minne, na kwa hesabu yake mwenyewe alikuwa amekwisha kuisikiliza albamu ile si chini ya mara elfu mbili.

Tangu siku hiyo ameichukua CD kuwa chombo cha kweli zaidi kwa albamu ya roki, na sababu zake ni za fundi. Santuri hukatika kila baada ya dakika ishirini au zaidi kidogo, msikilizaji ainuke, aigeuze. Wimbo wa mwisho wa kila upande umebanwa karibu na kitovu, mahali ambapo mzunguko ni mdogo na sindano hukosa nafasi ya kusoma vizuri. Na katika roki, wimbo wa mwisho ndio mara nyingi wenye kelele kuliko yote. Magita yanapopanda, sauti hukwaruza. CD haina kitovu cha kuogopa. Wimbo wa tisa hutoka safi sawasawa na wa kwanza.

Hata hivyo haitukani santuri. Anakubali kwamba CD nyingi zilizotengenezwa tangu mwishoni mwa miaka ya tisini zilikandamizwa sauti kiwandani ili zipige kelele kuzidi za wenzao, hata ngoma na mnong'ono vikawa kimo kimoja. Albamu ya namna hiyo, asema, ni afadhali uitafute kwenye santuri ya zamani, mradi isiwe imewahi kubebeshwa sarafu. Anakubali pia kwamba santuri humkalisha mtu chini.

"Ukiweka CD, unakwenda kupika. Ukiweka santuri, unakaa, kwa sababu unajua itakwisha sasa hivi. Heshima hiyo nimeiona. Lakini heshima si sauti."

Mtu wa kuiuza heshima hiyo alipatikana Agosti mwaka jana. Keith Mutsinzi, mfanyabiashara wa miaka thelathini na sita aliyekulia Mbarara, Uganda, alifungua mkahawa Kinyinya, kwenye ghorofa jipya ambalo chini yake mafundi walikuwa bado wanapiga lipu. Ukutani alipanga santuri za kuuza, mpya na za zamani, pamoja na mashine za kuzipigia. Alihitaji fundi, na zaidi ya fundi alihitaji mzee mwenye mvi ambaye wateja wangemwona akipangusa santuri kwa utaratibu.

Mshahara ulikuwa faranga laki moja na nusu kwa mwezi, kwa alasiri tatu za wiki. Karakana ya Nyakabanda haikuwa imempatia kiasi hicho kwa uhakika tangu watu waanze kusikiliza muziki kwenye simu.

Wateja waliambiwa kwamba santuri zote za mkahawani hazijapita kwenye kompyuta hata kidogo. Ntakirutimana, ambaye husoma maandishi madogo ya nyuma ya kila jalada, alijua kuwa nyingi kati ya zile mpya zilitengenezwa kutokana na kumbukumbu zilezile za kompyuta zilizozaa CD.

"Nilijua, nikanyamaza miezi saba," asema, na hapo anaweka brashi chini. "Hakuna aliyenifunga mdomo. Niliupenda mshahara. Hilo nalo liandikwe."

Katika Jumapili ya pili ya Machi, Bwana Mutsinzi aliandaa mashindano. Albamu moja, ile ya nyimbo tisa, ingepigwa nyuma ya pazia kwa mashine mbili zilizounganishwa na amplifaya moja, mashine ya kwanza ikiwa ya santuri na ya pili ya CD. Wasikilizaji hawangeambiwa ipi ni ipi. Kila mmoja angeandika namba kwenye karatasi.

Saa moja kabla ya wageni kufika, mwenye mkahawa alipita nyuma ya pazia.

"Muzehe, ile CD uishushe kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu. Mtu asijue."

"Kama mtu hatajua, niishushe kwa nini?"

"Si wewe ndiwe fundi? Unajua kwa nini." Akampiga begani, akicheka. "Hii ni biashara, muzehe. Haiko misa."

Ntakirutimana alijua vizuri sana. Sikio la binadamu likipewa sauti mbili zilizo sawa, moja ikiwa na nguvu kidogo kuliko nyingine, litaichagua hiyo yenye nguvu na kuiita tamu, wala halitatambua kwamba limedanganywa. Ndiyo hila kongwe kuliko zote katika uuzaji wa vyombo vya muziki.

Alichukua mita yake, akapiga mlio mmoja wa majaribio kwa kila mashine, akapima umeme unaofika kwenye spika, akazilinganisha hadi namba zikawa sawa. Kisha akakaa kwenye kiti chake nyuma ya pazia kungoja.

Kura zilihesabiwa na Bwana Mutsinzi mwenyewe. Kwa mujibu wa karatasi, ambazo fundi alizikuta baadaye zikiwa bado mezani, watu kumi na mmoja walichagua mashine ya kwanza na ishirini wakachagua ya pili. Mwenye mkahawa alisimama akatangaza kwamba wageni wake wana masikio ya dhahabu: watu ishirini wamechagua mashine ya pili, nayo mashine ya pili ndiyo santuri.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

"Nilikuwa nyuma ya kitambaa, mashine zote mbili bado zina joto," asimulia. "Nikajiambia, makofi haya yakiisha sijatoka, sitatoka tena. Yakaanza kupungua. Nikatoka."

Alisema maneno machache tu: "Samahani, mabwana na mabibi. Mashine ya pili ni CD. Ishirini wamechagua CD."

Kijana mmoja aliyekaa karibu na dirisha aliuliza kama muzehe amelewa kahawa, na wenzake wakacheka. Lakini mwanamke mmoja hakucheka. Ni Lillian Mukasine, mfanyakazi wa kampuni ya bima, ambaye wiki moja kabla alikuwa amenunua mashine ya santuri mkahawani hapo kwa faranga laki nne na themanini elfu, na ambaye alasiri hiyo alikuwa ameisifu mashine ya pili kwa sauti, mbele ya wote.

"Si ungeniambia wiki iliyopita," alimwambia, "kabla sijalipa? Ulikuwepo. Wewe ndiwe uliyenifungia boksi."

"Wale wengine walinitukana bure," asema Ntakirutimana. "Yule mama alinitukana kwa haki."

Bwana Mutsinzi ndiye aliyewaokoa wageni na aibu yao. Alimshika fundi mkono kwa upole, akawaomba wamwie radhi: masikio ya muzehe yamezeeka, amechanganya nyaya huko nyuma. Watu wakatulia. Ilikuwa rahisi zaidi kuamini hivyo. Jumatatu asubuhi ujumbe wa simu ulimfahamisha kwamba asirudi.

Mshahara uliondoka, na kama jambo lingeishia hapo, mzee huyu asema, angelibeba. Neno la masikio ndilo lililomfuata. Liliteremka kutoka Kinyinya likafika Nyakabanda kabla ya Pasaka. Vyombo vilivyokuwa vikiletwa tisa au kumi kwa wiki vikawa vitatu. Mwenye saluni aliyekuwa amemwachia redio alikuja kuichukua ikiwa haijaguswa.

Kisha wakaja wa kwaya. Kwa miaka kumi na mitano Ntakirutimana ndiye aliyepanga spika za kanisani kila sikukuu, bila malipo. Mwenyekiti wa kwaya, Léonidas, alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mzee wetu, mwaka huu upumzike."

"Nimewaambia nimechoka?"

"Hapana. Sisi ndio tumeona upumzike."

"Mmeona, au mmesikia?"

Léonidas aliitazama kofia yake. "Tumesikia," akasema, akaaga.

Ndipo fundi alipofanya uamuzi ambao aliuona kuwa wa akili. Angekwenda hospitali kupimwa masikio, apewe cheti chenye muhuri, akibandike mlangoni, na kila aliyesikia uvumi asome mwenyewe. Kadi yake ya mituweli, ile bima ya afya, ilikuwa hai. Mwezi Aprili alipanga foleni siku mbili, akaingizwa kwenye kibanda kidogo chenye kuta nene, akavishwa spika za masikioni na kupewa kitufe cha kubonyeza kila asikiapo mlio.

Milio minene aliisikia yote. Ya katikati pia. Baadaye kukawa kimya, naye akakaa na kitufe mkononi akingoja waendelee.

"Nikamwuliza daktari, mbona mmesimama? Akasema, hatukusimama, mzee."

Alielezwa kwamba umri una sehemu yake, na miaka ya kusimama mbele ya spika za baa ina sehemu yake. Sauti nyembamba za juu zimeondoka katika masikio yote mawili wala hazitarudi. Daktari aliongeza, kwa kumfariji, kwamba mazungumzo ya kawaida atayasikia bila taabu kwa miaka mingi.

Daphrose alikuwa akimngoja nje.

"Wamesema nini, Baba Ariane?"

"Wamesema nimezeeka."

"Hilo hata mimi ningekuambia, tena bila foleni."

Walitembea hadi kituo cha basi. Hapo ndipo alipomwambia yaliyobaki: kwamba matoazi hayapo. Lile tss alilolitafuta saa nzima mwaka 1996 akidhani ni ugonjwa, na ambalo kwa ajili yake alipoteza kazi, halisikii tena. Alipokuwa nyuma ya pazia Kinyinya alikuwa akilikumbuka tu. Mizani aliyoiweka ilikuwa ya haki kwa sababu aliiweka kwa mita. Kwa masikio yake pekee hana hakika angezitofautisha santuri na CD zikiwa zote safi.

"Kumbe yule mwenye mkahawa alisema kweli?" Daphrose aliuliza.

"Alisema bila kujua. Alitaka uongo, mkono wake ukaangukia kweli."

Alipotafutwa kwa simu, Bwana Mutsinzi hakukana kwamba aliomba CD ishushwe. "Watu wanakuja kwangu kununua raha, hawaji kununua vipimo," alisema. "Sina ugomvi na muzehe. Ni fundi mzuri. Lakini masikio yamechoka, na mimi nilisema hadharani kile kila mtu alikuwa anakiona." Kuhusu kura alisema kwamba ulikuwa mchezo wa Jumapili, na kwamba biashara ya santuri inaendelea vizuri. Hilo la mwisho ni kweli. Ukuta wake umeongezwa rafu mbili.

Sasa, karakanani Nyakabanda, kila chombo kinachotengenezwa husikilizwa na watu wawili. Ntakirutimana husikiliza besi na sauti ya mwimbaji. Daphrose, ambaye huuita muziki wa roki kelele za bati, husimamisha cherehani na kusikiliza yaliyobaki. Asubuhi hii anageuza shingo kuelekea spika moja, kisha nyingine.

"Upande wa dirisha kuna ts-ts-ts. Upande wako hamna."

"Hamna kabisa, au iko chini?"

"Nimesema hamna. Unataka niape?"

Fundi anakaza waya nyuma ya spika ya upande wake. "Na sasa?"

"Sasa iko. Izime, inaniumiza kichwa."

Santuri zilizosimama kwenye kichanja ni za Lillian Mukasine. Alikuja mwezi Juni na mashine yake ya laki nne na themanini, hakuomba radhi wala hakutaka kuombwa. Alitaka ajue tu kama sindano ni nzima. Haikuwa nzima, naye akaambiwa hivyo. Kabla ya kulipia sindano nyingine, aliuliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemwuliza mzee huyu tangu Machi: je, ingewezekana kuurudia ule usikilizaji, sawasawa?

Tangu hapo ndilo analolifikiria. Anakusudia kuanza Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao, baada ya misa ya pili. Viti sita vya kuazima, albamu moja, santuri na CD. Wasikilizaji wataelekea dirishani, mgongo kwa mashine. Mita itakaa mezani imewashwa, kila atakaye asome namba mwenyewe. Kiingilio hakuna. Cheti cha hospitali, ambacho kimelala ndani ya droo tangu Aprili, kitabandikwa mlangoni pamoja na muhuri wake, ili anayeingia ajue fundi huyu anasikia nini na hasikii nini.

Hadi sasa aliyeahidi kuja ni Lillian peke yake. Kwaya imeshukuru kwa mwaliko.

Mashine zitaendeshwa na Daphrose. Yeye ndiye atakayejua ipi inapigwa. Mumewe atakaa kwenye kiti cha sita, dirishani, atasikiliza kama wengine na kupiga kura kama wengine, na karatasi yake itakuwa na jina.

Aliulizwa itakuwaje iwapo kati ya wote sita ndiye atakayekosea.

Aliendelea kuipangusa santuri ambayo ilikuwa imekwisha kukauka.

"Nitakosea," alisema. "Nataka nikosee mbele yao, Daphrose awasomee. Baada ya hapo atakayeniletea redio yake ataniletea kwa sababu anaiamini kazi, si masikio yangu."